Mzee Ulimboka Abadilisha Mkanda wa Saa

Mzee Ulimboka aliona aibu kuipeleka saa yake kwa fundi. Si kwamba ilikuwa mbovu. Ilikuwa saa janja ya maana, inayopima mapigo ya moyo na kuhesabu hatua, na binti yake Aneth ndiye aliyemvalisha kwa mikono yake mwenyewe siku ya Pasaka. Tatizo lilikuwa mkanda. Ulikuwa wa rangi ya waridi, ule waridi wa keki ya harusi, kwa sababu saa hiyo aliivaa Aneth kabla ya kujinunulia nyingine.

"Baba, usijali rangi. Moyo wako haujui rangi," Aneth alimwambia, kisha akapanda basi kurudi Mwanza kwenye duka lake la dawa.

Moyo haujui, lakini watu wanajua. Ulimboka alikuwa dereva mstaafu wa serikali. Wizara zilipohama Dar es Salaam na yeye alihama nazo, akawaambia ndugu zake wa Tukuyu kwamba Dodoma anapita tu. Mwisho akajenga Ihumwa, pembeni ya Dodoma, akamzika mkewe hukohuko, na habari za kurudi Tukuyu zikaisha zenyewe. Mwaka jana alishikwa na kizunguzungu kanisani wakati wa kutoa sadaka. Daktari akasema ni presha, akampa dawa na kumwamuru atembee kila asubuhi.

Ndivyo alivyojiunga na wastaafu wenzake waliokuwa wakitembea kandokando ya reli kabla jua halijawa kali. Na ndivyo alivyomfahamu Mwalimu Yudith.

Yudith alikuwa mjane, Mgogo wa Bahi, aliyefundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu. Alitembea haraka kuliko wanaume wote wa kundi lile na alizungumza kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika hadi dawati la nyuma. Yeye alimwita Ulimboka "Baba Aneth". Ulimboka alimwita "Mwalimu". Zaidi ya hapo hakuna kilichokuwa kimesemwa, ingawa siku Yudith asipotokea, Ulimboka alirudi nyumbani mapema akisema magoti yanauma.

Saa ile aliificha chini ya shati la mikono mirefu, na jua la Oktoba la Dodoma kila mtu analijua. Asubuhi moja alinyanyua mkono kujifuta jasho, mkono wa shati ukapanda, na mwenzao mmoja, Eliakimu, akaona.

"Lo! Mzee, hiyo saa umemnyang'anya mjukuu?"

Kundi zima likacheka. Ulimboka naye akacheka ili yaishe. Kilichomchoma ni kwamba Yudith alicheka pia.

Jumamosi iliyofuata akashuka mjini kununua mkanda mweusi wa ngozi. Muuzaji alimfungia pamoja na kijichuma kidogo chenye meno mawili, akamwelekeza: hapa mkanda unapoishika saa kuna pini yenye springi, ibonyeze na kijichuma hiki, mkanda unatoka. "Kazi ya kufumba na kufumbua, mzee wangu. Au niache nikubadilishie hapahapa?"

"Nitafanya nyumbani," Ulimboka alijibu, akauvuta mkono wa shati hadi kwenye vidole.

Alifika nyumbani, akaacha mlango wazi upepo uingie, akakaa sebuleni. Simu yake ilikuwa chumbani ikichajiwa, tangu maombi ya jana yake jioni hajaitoa kwenye hali ya kimya. Miwani ya kusomea ilikuwa hukohuko juu ya simu. Akafikiria kwenda kuileta, akaona ya nini, kazi yenyewe ndogo.

Kazi ikakataa kuwa ndogo. Kwanza saa haikutaka kutoka mkononi. Mkanda ulikuwa wa saizi ya Aneth, umefungwa tundu la mwisho, na jasho na vumbi vya wiki nzima vilikuwa vimeligandisha bizimu lake, kile kichuma cha kufungia. Akapaka sabuni. Akavuta. Akaubana mkono katikati ya magoti akavuta tena kwa nguvu zote, vidole vikateleza, na mkono mzima ukaruka ukapiga kona ya kabati la vyombo. Vikombe vikalia. Maumivu ya kiwiko yakamkalisha chini sakafuni, pwaa, akabaki amekunja uso.

Hapo saa ikaanza kutetemeka. Maandishi mekundu yakatokea kwenye kioo, lakini bila miwani aliona ukungu tu. Hakushangaa. Saa ile ilikuwa na tabia ya kumsumbua kila akikaa muda mrefu, eti ainuke atembee.

"Nimekaa, ndiyo," aliiambia. "Nyamaza."

Haikunyamaza. Ikazidi kutetemeka, kisha ikaanza kulia kama kifaranga aliyepotea. Wakati huohuo bizimu likaachia. Ulimboka akaivua, akaitia chini ya mto wa kochi, akaukalia mto. Baada ya muda kukawa kimya. Akatabasamu, akaitoa na kuanza kazi.

Asichojua ni kwamba maandishi yale yalikuwa yanamuuliza kama ameanguka na kama yu salama. Kwa kuwa hakujibu, saa ilifanya kile ambacho Aneth aliipangia kufanya. Ilituma ujumbe kwa watu wawili: Ulimboka ameanguka vibaya, hajibu, yuko hapa, na ramani chini yake.

Wa kwanza kuupata alikuwa Aneth, Mwanza, mteja akiwa mbele yake. Alipiga simu ya baba yake, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Akapiga tena.

Wa pili kuupata alikuwa Mwalimu Yudith, ng'ambo ya reli, akiwa kwa msusi. Aliusoma mara mbili. Kisha akasimama na msusi akabaki na rasta mkononi.

Ulimboka naye alikuwa na shida zake. Upande mmoja wa mkanda wa waridi ulitoka vizuri. Wa pili alipoubonyeza, pini iliruka kama panzi, ikagonga ukuta na kupotelea chini ya kabati. Bila pini hiyo hakuna mkanda, si mweusi wala wa waridi. Akalala kifudifudi, akaingiza kichwa na mkono chini ya kabati, akaanza kupapasa polepole kwenye vumbi. Miguu yake ilibaki nje, imenyooka.

Hivyo ndivyo Yudith alivyomkuta.

"Ulimboka!"

Hakusema Baba Aneth, wala Mzee. Ilikuwa sauti ambayo Ulimboka hakuwahi kuisikia kwa Mwalimu, imepasuka katikati. Alishtuka, akainua kichwa, akakigonga kwenye kabati.

"Mwalimu?" alisema kutoka chini.

"Usiinuke! Damas, njoo tumbebe!"

Damas, dereva wa bodaboda aliyemleta, aliingia na helmeti kichwani, akamshika mzee miguu tayari kwa kazi.

"Niacheni jamani, natafuta pini!"

Akajitoa chini ya kabati akiwa na vumbi kwenye nyusi. Mbele yake alisimama Mwalimu Yudith, kandambili mguu mmoja, mguu wa pili mtupu, nusu ya kichwa imesukwa safi na nusu nyingine nywele zimesimama kila upande. Alikuwa anahema.

"Umeanguka saa ngapi?"

"Sijaanguka."

"Saa yako imesema umeanguka!"

"Imesema? Imemwambia nani?"

"Imeniambia mimi!"

Damas aliutazama uso wa huyu, akautazama wa yule, akaona mambo yanaelekea pasipomhusu. "Mwalimu, nitakuwa nje," alisema, akatoka.

Yudith alikaa kwenye kochi bila kukaribishwa. "Namba yangu imefikaje kwenye saa yako, Baba Aneth?"

Ulimboka alijipangusa vumbi muda mrefu kuliko vumbi lenyewe. "Inataka watu wawili wa kuambiwa ukipata tatizo. Aneth alijiweka yeye wa kwanza. Wa pili akasema nijaze mwenyewe." Akapangusa na nyusi. "Nilikaa nikawaza, siku nikianguka ningependa nani ajue. Basi."

"Na hukuniambia."

"Ningeanzia wapi, Mwalimu? Ningesema, habari za asubuhi, nikifa utapata ujumbe?"

Yudith alitaka kucheka, badala yake macho yakajaa machozi. "Mume wangu alianguka shambani Bahi," alisema. "Mvua zilikuwa nyingi, njia haipitiki. Mimi nilikuwa hapa mjini na kazi yangu, nikaja kuambiwa kesho yake. Leo nimeambiwa nikawahi. Huko njiani nimemfokea Damas wa watu aongeze mwendo, nikasema safari hii nitawahi." Akajifuta na ncha ya khanga. "Nakuja kukuta unatambaa chini ya kabati."

Ulimboka alikaa kando yake, akampa leso, akaona ina sabuni, akaichukua tena.

"Simu yako iko wapi?" Yudith aliuliza ghafla. "Mtoto wako je?"

Wakaikimbilia chumbani. Simu zilizokosa majibu zilikuwa zimejaa kioo kizima, na palepale ikawaka tena. Yudith ndiye aliyekuwa karibu, akapokea. Ilikuwa ya video. Uso wa Aneth ukatokea, umelowa machozi, ukamkuta mwanamke asiyemjua, kichwa nusu.

"Shi... shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tulia. Baba yako mzima, huyu hapa."

Ulimboka akachungulia begani kwake. Aneth alilia upya, kisha akagomba, kisha akataka aone kiwiko, aone na kichwa. Alipokwisha kuridhika, alipangusa uso akamtazama vizuri yule mama.

"Samahani mama. Wewe ni..."

Yudith akamgeukia Ulimboka. Jibu hilo lilikuwa lake.

"Ni Mwalimu Yudith," alisema Ulimboka. "Ndiye mtu wa pili."

Kicheko kidogo kikaanza kupanda kwenye uso wa Aneth. "Wa pili kwenye saa, baba, au..."

"Kwenye saa!" alijibu upesi.

"Tuanzie kwenye saa," alisema Yudith, na hakucheka.

Walipokata simu, Yudith alimwagiza Damas aende zake, akavua ile kandambili moja na kusema pini itafutwe. Walihamisha kochi, wakakung'uta zulia, wakapata kijiko, kifungo cha shati na funguo za kufuli ambalo Ulimboka alishalikata kwa msumeno. Pini aliipata Yudith kwa unyayo, akaruka mguu mmoja akitamka kwa Kigogo mambo ambayo Ulimboka hakuomba atafsiriwe.

Kazi iliyobaki waliifanya mezani, Ulimboka akiwa na miwani sasa. Alishika saa, Yudith akamulika kwa simu na kubonyeza pini kwa kijichuma. Mara ya kwanza iliwaponyoka, wakaidaka. Mara ya pili ikaingia, ko, wakapigana viganja kama watoto, ndipo wakagundua kwamba upande wenye bizimu wameuweka chini na wenye matundu juu. Wakafungua wakaanza upya, bila haraka yoyote.

Jua lilipoanza kulegea, simu ya Yudith ikaita. Alikuwa msusi, akiuliza kwa upole kama msiba umethibitishwa au kichwa kiendelee.

"Twende," Yudith alimwambia Ulimboka. "Mimi peke yangu sikatizi mtaa na kichwa hiki. Watu wakiona tuko wawili watadhani ni mtindo."

Walitembea taratibu hadi ng'ambo ya reli, Yudith amevaa makobazi ya Ulimboka yaliyompwaya, wakiitikia shikamoo za njiani kama watu wasio na lolote. Kwa msusi, Ulimboka alitafutiwa kigoda, na kwa kuwa alikuwa hana kazi, akapewa pakiti ya rasta ashike, awe anachomoa moja moja na kukabidhi.

Msusi alimtazama mara mbili, akainama sikioni kwa mteja wake, ila kwa sauti isiyofichika. "Mama, huyu ndiye aliyeanguka?"

"Ndiye," alisema Yudith, ameinamisha kichwa. "Baba Aneth, lete nyingine."