Tambuu ya Bi Siti Ndani ya Landrova

"—peke yangu, Amatullah! Peke yangu, wallahi! Pembeni yangu hapana mtu ila viatu!"

Amatullah alikuwa juu dirishani anaanua nguo. Akachungulia chini, mbele ya duka la baba yake, akaiona landrova ya kijani inanguruma na kutetemeka bila ya dereva, jiwe limetiwa nyuma ya tairi. Kazija yupo nje, ameinua makubadhi juu, kila mkono kiatu kimoja, kama mtu aliyekamata majogoo wawili.

"Viatu vya nani hivyo?"

"Vya Bibi!"

"Bi Siti? Na mwenyewe yuwapi? Usinambie umemmwaga njiani!"

"Shuka, mwana we, shuka! Miye sipandi ngazi. Hii ikishapata moto nikiizima haiwaki mpaka isukumwe, na wa kuisukuma leo wote wako arusini."

Amatullah akashuka mbio, mtandio bado mkononi. Wawili hao walikuwa pamoja chuo cha ualimu Unguja, na sasa wanasomesha skuli moja hapa Chake. Siri ya mmoja haifiki jioni mwenziwe hajaijua. Kisa cha landrova Amatullah keshakisikia nusu, lakini Kazija leo alikishika tangu mwanzo wake, maana furaha haijui njia ya mkato.

Gari ilikuwa ya Bi Siti, bibi yake Kazija mzaa baba. Aliinunua mwaka ule mikarafuu ilipozaa mpaka matawi yakaomba msaada, na mwenye kuiendesha akawa mwanawe, Ami Pandu. Ami ndiye aliyemfundisha Kazija, likizo baada ya likizo, ndani ya shamba lao la Gando, mahala ambapo shahidi ni ng'ombe tu. Kazija aliangusha migomba, akalivunja banda la mbuzi, akaingia nayo kwenye mihogo gari nzima, na Ami yupo pembeni anasema, "Si neno, mwanangu, mihogo huota tena." Mwisho mguu na mkono vikapatana. Mwezi uliopita akapata leseni.

Na mwezi huo huo goti la Ami Pandu likagoma. Klachi ya landrova ni ngumu kama mlango wa jela, haitaki mguu mgonjwa. Ami akakaa barazani, mguu juu ya kibao, akatoa uamuzi: gari iuzwe. Gulam wa Konde anaitaka, na Jumamosi anakuja kuichukua.

"Niachieni miye," Kazija akasema. "Nitaendea skuli kila siku. Na Bibi nitampeleka atakako."

Ami akacheka mpaka goti likamuuma. "Gari ya shamba hii, mwanangu! Mjini utaipitisha wapi? Vichochoro vya Chake punda wawili wakikutana huombana radhi."

Kazija hakucheka. Usiku ule aliitazama leseni yake, akaiona itakavyolala sandukuni pamoja na vyeti vya chuo, inanuka dawa ya nondo, na yeye anakwenda skuli kwa miguu huku matope yanampaka buibui. Kilichomuuma hasa si matope. Kilichomuuma ni kwamba kakijua kitu, kakijua vizuri, na sasa kitu chenyewe kinakwenda Konde kubebea magunia.

Lakini mwenye gari si Ami. Mwenye gari ni Bi Siti, na Bi Siti alikuwa na kesi yake na landrova ile. Siku ya kwanza kuipanda, ambayo ilikuwa pia ya mwisho, alikaa anakata popoo ya tambuu kwa mkasi wake. Ami Pandu akaingia shimoni, na mkasi ukala ukucha wa kidole gumba. Tangu hapo hakuna wa kumwambia kitu.

"Nimepanda punda nikakunja tambuu," husema. "Nimepanda mashua na bahari imechafuka, nikakunja tambuu. Chombo kisichomwacha mtu akunje tambuu yake si chombo, hiyo ni adhabu."

Basi leo mchana, Bibi anajitayarisha kwenda kwenye arusi ya mjukuu wa shoga yake, Bi Kijakazi, huko juu mjini, Kazija akapiga magoti mbele yake.

"Bibi, panda kwangu na kijaluba chako cha tambuu. Ukifika tambuu imekunjwa na kidole kizima, gari isiuzwe."

"Na nikijikata?"

"Jumamosi Gulam nitamfungulia mlango mwenyewe."

Bi Siti akamtazama, akatazama kidole gumba chake, ule ukucha ulioota upande. "Haya," akasema. "Lakini nitakata popoo kavu. Laini hata mtoto hukata."

Alasiri mtaa wao wa Tibirinzi wote ulikuwa nje. Ami Pandu barazani akapaza sauti: "Mama, soma Kulhuwallahu!"

"Nilizimaliza siku uliyonichukua weye!" Bi Siti akajibu, anapanda, ananukia udi.

Kazija wakati huo alikuwa upande wa pili, amefunga buibui kiunoni kwa fundo, maana buibui na klachi ni wake wenza, hawakai pamoja. Akavuta choki, akakanyaga, gari ikawaka. Akatia gea. Gea ikalia, ngrrrr, mtaa mzima ukasikia.

"Umemkanyaga nani mkia?" akauliza Bibi, macho yako kwenye kijaluba.

Wakatoka. Msimu huu wa karafuu barabara si yote ya gari: kila upande yametandikwa majamvi, karafuu zimeanikwa, na katikati pamebaki njia kama mstari wa chaki ubaoni. Landrova ni pana, sukani yake nzito kama jiwe la kusagia, na springi zake hazijui kusamehe. Gea ya pili ndiyo fitina kubwa. Haitaki kusukumwa. Lazima ukanyage klachi, uachie, ukanyage tena ndipo uitie, kama mgeni mwenye adabu anayepiga hodi mara mbili. Kazija akapiga hodi zake. Ikaingia, haikutoa hata mlio.

Akaiba jicho. Bibi kalitandaza jani kwenye kiganja, anapaka chokaa kwa ncha ya kidole. Hakuna hata tone lililoanguka kwenye buibui. Kazija akavuta pumzi ya kwanza tangu watoke nyumbani.

Ndipo walipofika mlimani.

Mlima wa kuingilia mjini si mrefu, lakini umesimama. Wamefika kati, juu ikatokea lori ya abiria ya Konde, watu wamejaa mpaka kwenye bodi, na makapu yao, na kuku wao. Njia ni ya mmoja. Lori haiwezi kurudi, kwa hivyo Kazija akajibanza pembeni, akasimama, akavuta breki ya mkono. Akageuka kutazama nyuma. Nyuma ya tairi, shibiri haifiki, lilikuwapo jamvi la Mzee Kificho, mkaazi wa mlimani hapo, limejaa karafuu nyekundu nzuri, karibu kukauka. Na mwenyewe Mzee Kificho amesimama juu yake na fagio.

"We binti! Nyuma yako karafuu hizo, si busati!"

"Naziona, Mzee. Shikamoo!"

"Usinishikamoo, shika breki!"

Lori ikawa inapita polepole, ubavu kwa ubavu, na watu wa juu wamepata mchezo.

"Oneni, oneni! Mwanamke kashika sukani!"

"Bi arusi huyo, kachoka kungojea kuchukuliwa!"

"Bibi wewe, umeaga nyumbani?"

Bi Siti hakuinua uso. Alikuwa ametia popoo kwenye meno ya mkasi, popoo kavu kweli, anaizungusha kutafuta mahala pa kuibana.

Lori ikaisha kupita. Sasa lazima aondoke. Mguu wa kushoto uko kwenye klachi, na Kazija anajua: akiiachia breki mapema, gari itarudi nyuma juu ya karafuu za watu, na atakayezisaga leo atasemwa mpaka msimu ujao. Akichelewa, itashtuka mshtuko mmoja na kuzimika, na kwa mshtuko huo kidole cha Bibi kimekwenda. Akataka kusema, "Bibi, ngoja kidogo usikate." Neno likafika kwenye ulimi. Akalimeza. Tambuu iliyoombwa ingoje si tambuu ya sharti.

Akaanza kuachia klachi, taratibu, taratibu, mpaka landrova ikainua pua kama ng'ombe aliyenusa mvua. Hapo akakumbuka Ami alivyomfundisha: usisikilize kwa masikio, sikiliza kwa makalio. Akasikiliza. Akaachia breki.

Pembeni yake kikalia kitu: tk!

Kazija hakuthubutu kutazama. Gari ikapanda, inanguruma, imenyooka, na kwenye kioo akamuona Mzee Kificho ameinama anahesabu hasara yake na hasara haioni. Walipofika juu kwenye usawa, ndipo alipogeuza shingo.

Popoo ilikuwa vipande viwili. Vidole vilikuwa vile vile alivyopewa na Mungu.

"Tazama mbele," akasema Bibi, akaikunja tambuu, akaitia mdomoni.

"Akasemaje?" Amatullah akauliza, amempokea viatu, kaukamata ukanda mmoja utadhani ndiyo habari yenyewe. "Kakwambia umeshinda?"

"Hakusema kitu! Amatullah, mtu mwenye tambuu mdomoni husema? Katafuna! Kutoka mlimani mpaka mlangoni kwa Bi Kijakazi, anatafuna na kutazama nje kama mtu aliyepanda gari ya serikali. Miye nakufa!"

Na kweli alikuwa anakufa. Alisimamisha gari mbele ya nyumba ya arusi, akazunguka kumfungulia mlango, akangoja. Bi Siti akatafuna. Wanawake wakatoka kuangalia. Bi Siti akatoa kopo lake la kutemea, akatema kwa heshima zake zote, akajifuta mdomo, akateremsha mguu mmoja. Ukasimama hewani.

Mguu ulikuwa mtupu.

"Viatu vyangu?" akauliza.

"Bibi, umevivulia wapi?"

"Mlangoni! Kwani viatu huvuliwa wapi?"

"Mlango upi?"

"Mlango wa gari! Nipande na viatu mahala watu wanapokaa? Nimevivua, nikavipanga, nikapanda. Weye uliondoka."

Wanawake wakaangua kicheko, mwenye kofi, mwenye kigelegele. Bi Kijakazi akatoa amri ndani, mkeka mpya ukaletwa, ukatandikwa kutoka kizingitini mpaka garini, na Bi Siti akateremka juu yake, miguu mitupu, anatembea polepole kama bi arusi anayeingizwa ndiye yeye. Lakini Kazija moyo ulikuwa umeshazama. Kamfedhehesha Bibi mbele za watu. Tambuu ilikunjika, kidole kizima, na mwisho wake kamshusha bila viatu.

"Bibi, samahani. Nitafute mtu nimtume Tibirinzi akavilete?"

Bi Siti akasimama katikati ya mkeka. Akageuka, uso mkavu kabisa.

"Mtu wa nini?" akasema. "Kwani weye huna gari?"

Amatullah akapiga ukelele uliomtoa baba yake nyuma ya kaunta. "Kasema hivyo? Mbele za watu? 'Huna gari'?"

"Hivyo hivyo! Mbele ya Bi Kijakazi na arusi nzima. Nilipanda sijui nilipandaje. Nimeteremka mlima peke yangu, Amatullah, naimba! Na Mzee Kificho, usinicheke, kaniona kwa mbali akalivuta jamvi lake ndani, mwenyewe, bila ya kuambiwa. Akaweka mkono wake kifuani, ananisalimu."

"Na viatu?"

"Vimepangwa mbele ya nyumba, sawa sawa, vimeelekea njiani kama vinangoja gari! Ami barazani anavilinda. Namwambia, 'Ami, uliviona tukiondoka, mbona hukupiga kelele?' Akasema, 'Mwanangu, kwangu mama alikumbuka viatu akasahau ukucha. Kwako kasahau viatu. Nikajua mambo yamekwenda vizuri kabla hamjafika kona.' Kisha kavuta hendeli ya jeki ya gari chini ya baraza, alikuwa kaificha asije akaichukua mtu, akanitilia ndani. 'Yako,' kasema. 'Gulam nitamwandalia chai, si gari.'"

Amatullah akaizunguka landrova, anaipapasa bati kama anapapasa ngamia. Kiti cha abiria kilikuwa na alama moja ndogo nyeupe ya chokaa.

"Na hii usiifute," akasema.

"Sifuti mpaka nife." Kazija akavipokea viatu, akaviweka juu ya kiti, kimoja ubavuni mwa mwenziwe, akakizungusha kimoja kitazame mbele. Jua limeshaanza kuinama, na Bibi hawezi kutoka arusini miguu mitupu. Akapiga fundo la buibui, akapanda, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Sijakwambia lililo tamu! Alipokuwa anapita mkekani kaninong'oneza sikioni. Kuna mahala anataka nimpeleke, si Konde, si Gando, na Ami asijue."

"Wapi?"

"Toa jiwe."

"Kazija! Sitoi jiwe mpaka uniambie wapi!"

"Kesho! Kesho asubuhi nakupitia hapa hapa twende skuli, utakaa mbele kama bwana shauri wa serikali, na lote nitakupa njiani, tangu alivyoninong'oneza mpaka nilivyomjibu. Toa jiwe, mwana we, Bibi ananingoja!"

Amatullah akalitoa. Gea ya kwanza ikaingia kimya, na landrova ikaondoka, na sauti ya Kazija ikabaki nyuma yake njiani:

"Na kesho ukipanda, usivue viatu!"