Pua ya Nyundo

Asiyejua kunusa unga hajui kukanda. Hivyo ndivyo walivyoamini pale bekari, na walikuwa na sababu. Unga husafirishwa kwa malori yanayobeba kila kitu, na gunia likilala siku mbili karibu na pipa la mafuta ya taa, basi tena, unga umeshainywa harufu. Kwa hiyo kila gunia lilipofunguliwa, mkandaji alichota konzi moja, akaipeleka puani, akavuta, kisha akatikisa kichwa kukubali. Kabla ya hapo unga hauingii kwenye mashine.

Mkandaji alikuwa Nyundo. Jina alilipata uwanjani, kwenye timu ya mtaa, alikokuwa beki wa kati ambaye mpira wa juu haukumpita. Aliupiga kwa paji la uso utadhani wamegombana. Mara nne alizimia. Mara nne alimwagiwa ndoo ya maji, akaulizwa matokeo, akayakosea, watu wakacheka, akarudi kucheza. Walimwita mwanamume wa shoka, naye, kwa kupenda sifa, akaamini.

Mara ya nne ilikuwa miaka miwili nyuma, na tangu hapo kichwa hakikuwa chake. Taa nyeupe za bekari zilimchoma macho. Ngurumo ya mashine ilimletea maumivu yaliyoanzia shingoni. Akitumwa dukani alisahau alichotumwa, siku nyingine akasahau hata duka lenyewe. Alimfokea mkewe kwa kosa la kugonganisha sahani, kisha akajifungia chooni na kulia kwa aibu. Daktari alimwambia ubongo umetikiswa mara nyingi mno, mengine huenda yasirudi, na kazini lazima aseme. Nyundo akaitikia ndiyo, daktari. Angesema nini? Hakuwa na kovu wala bandeji. Mtu mzima, mabega kama kabati, aende kushtaki kwamba taa inamuuma?

Na kubwa kuliko yote hakumwambia hata daktari. Pua ilikuwa imekufa. Hakusikia harufu ya sabuni, wala ya mkate, wala ya mwanawe akitoka kuoga. Miaka miwili mizima alichota konzi ya unga, akavuta hewa tupu, akatikisa kichwa. Alijua anadanganya. Kila asubuhi alijiapiza kwamba leo ndiyo leo, na kila asubuhi akajikaza kisabuni.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na gunia. Lilifunguliwa Jumanne asubuhi, akanusa, akatikisa kichwa, likakandwa. Waokaji nao hawakustuka, maana tanuri lao linawaka kwa dizeli na wao wenyewe hunuka mafuta mpaka nyumbani. Kabla ya adhuhuri mikate mia tatu ilirudishwa kutoka shule ya bweni, na mwalimu mkuu ndani ya gari amefura kwa hasira. Ukimega mkate ukiwa na joto, harufu ya mafuta ya taa inakupanda kichwani. Watoto kadhaa walikuwa wametapika.

Mama mwenye bekari aliwasimamisha wote uani, akauliza nani alifungua gunia lile na kulinusa. Nyundo alifungua mdomo aseme mimi. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Shemeji ndiye aliyefungua. Mimi nilikuwa nimetoka kidogo."

Shemeji, mdogo wake mkewe, alikuwa mtunza stoo, na ndiye aliyemwombea Nyundo kazi pale. Alimtazama mume wa dada yake, akatazama chini, asiseme neno. Nyundo alielewa kimya kile vizuri sana: akifukuzwa Nyundo, anayelala njaa ni dada. Saa nane kijana wa watu alikuwa amekwisha kukabidhi funguo za stoo.

Mabaya zaidi yalikuwa nyumbani. Mkewe alipiga simu na kumpasha ndugu yake mbele ya Nyundo: amewatia aibu, nusura amponze mume ambaye yeye dada anamwonea fahari, na asikanyage pale mpaka apate akili. Kisha akamkandakanda Nyundo mabega, akampa pole. Nyundo aliipokea pole ile. Siku nne aliipokea, na kila alipoguswa alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku ya tano alimfuata mama mwenye bekari kwenye meza ya kufungia mikate, wenzake wakisikia, akamwambia kuwa gunia alilifungua yeye. Mama akaacha kufunga mikate, akacheka kwa upole.

"Nyundo, una moyo mzuri. Lakini huwezi kumbebea shemeji yako kila mzigo. Rudi kazini, baba."

Wenzake walimtazama kwa heshima, mmoja akampigapiga mgongoni. Hapo shetani alimvutia kiti kabisa. Amesema ukweli, umekataliwa; afanye nini tena? Angeweza kurudi kwenye mashine akiwa safi mbele ya watu wote. Alihisi jinsi angependa kufanya hivyo, na kule kupenda ndiko kulikomchoma zaidi.

Akavua aproni, akajifunga nayo macho. Aliomba aletewe vikombe vitatu, kimoja cha siki, kimoja cha maji, kimoja cha mafuta ya taa, vichanganywe asijue kipi ni kipi. Watu wakacheka wakidhani ni mchezo. Vikaletwa. Alinusa cha kwanza, akasema hajui. Akanusa cha pili kwa muda mrefu, akasema hajui. Alipofikishiwa cha tatu, kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Nadhani hiki ni maji," alisema, akakipeleka mdomoni.

Mama alikipiga kikombe kwa kiganja, mafuta ya taa yakammwagikia kifuani. Hata hapo Nyundo hakujua ni nini kilichomlowesha mpaka alipofungua macho na kuona nyuso zao.

"Tangu lini?" Mama aliuliza.

"Miaka miwili."

Mama alikaa kwenye kreti. Alisema kwenye mashine hatamrejesha, na mengine ayawazie kwanza, maana watoto wa watu wametapika. Kisha akampigia simu shemeji palepale, akamwomba radhi, akamtaka arudi kesho, akampa Nyundo simu. Nyundo alisema nisamehe.

"Kazini nitarudi," shemeji alisema. "Lakini kwa dada mimi simwambii kitu. Huko utakwenda mwenyewe."

Alikwenda vilevile, na shati lake la mafuta. Mkewe alikuwa akianika nguo. Kabla hajafika karibu, mke aliziba pua, akauliza amemwagikiwa na nini. Nyundo akamweleza yote amesimama, kuanzia pua mpaka uongo, na hakulaumu kichwa chake, kwa kuwa kichwa kilichukua pua tu. Uongo aliutoa mwenyewe.

Mkewe alifuta mikono, akachukua simu, akampigia mdogo wake. Alisema, "Nisamehe, mwanangu, nisamehe," akalia, akasikiliza, akalia tena. Alipokata simu alimpita mumewe, akainama kwenye beseni, akaendelea kuanika nguo za mtoto. Nyundo alichukua shati moja amsaidie. Mke akalipokea bila kumtazama, akalitupa pembeni kwenye nguo chafu lifuliwe upya.