Msimu Uliovua Viatu Kizingitini

Usiku wa jana niliota redio ya jikoni ikitangaza hali ya hewa. Ilisema chavua, lile vumbi la maua linalotutoa machozi kila mivinje ya ufukweni inapochanua, leo imefika kiunoni, na wafupi wasitoke nyumbani.

Sikushangaa. Malindi yetu hata vumbi lake lina makuu. Nilichungulia dirishani nikaona barabara ya manjano tupu, majirani wanapita wamepandisha leso zao kama watu wanaovuka mto, na kila mmoja anamsalimu mwenzake kwa chafya.

Aliyenitia hofu ni binti yangu, Arafa. Ana pumu tangu utotoni, na Ijumaa hii anaolewa. Mimi ndiye mtunga vikuba wa mtaa, vile vishada vya maua ya kunukia. Bibi harusi hatoki kwao bila asumini na mkadi wangu kifuani. Lakini huyu bibi harusi wangu mwenyewe, daktari amesema ua lisimkaribie. Kazi yangu naifanyia uani kwa jirani, Bi Saumu, na nikimaliza naoga hukohuko ndipo nirudi kwangu. Kwa ajili ya Ijumaa nimemnunulia maua ya plastiki. Yako kwenye mfuko nyuma ya mlango, na kila nikiyaona natamani kuyapiga teke.

"Msimu umeingia," redio ikasema.

Basi ukaingia. Ulipiga hodi kwanza, siwezi kuusingizia. Ulikuwa mrefu kupita mlango, ukainama, ukavua viatu kizingitini, ukaketi kwenye kiti cha wageni. Uso haukuwa nao. Mahali pa uso palikuwa na ua la mkadi, refu, jeupe, linamwaga unga kila likipumua.

"Hujambo, mama Arafa?"

"Sijambo. Mbona waniingilia na vumbi, na nimefagia sasa hivi?"

"Si vumbi hili. Ni wachumba."

Unafungua kiganja. Ndani mna punje moja. Nainama kuitazama, na punje inakua, au mimi napungua, sijui. Ila sasa nimesimama chini yake na ni kubwa kuliko kuba la msikiti. Imechongwa nakshi juu ya nakshi, wala hakuna fundi wa milango aliyepata kuchonga hivyo, na kila kona ina mwiba wa dhahabu unaotoa mwanga wake wenyewe. Kumbe hiki ndicho nilichokuwa nikikipangusa kwa kitambaa cha maji miaka yote! Nikasema Subhanallah, nikasema tena, maana moja haikutosha.

Punje ikakohoa kwa adabu. "Samahani mama, hapa ndipo kwa kina bibi harusi?"

"Bibi harusi yupi?"

"Wangu. Ni ua, liko juu ya mti nyuma ya kisima. Upepo umeniambia nishukie hapa."

"Ukishukia hapa, utaishia puani mwa mwanangu."

"Astaghfirullah," ikasema punje, na mimi nikaona haya kwa niaba yake.

Mara hatuko sebuleni tena. Tuko kifuani mwa Arafa. Ni ujia mrefu, mwembamba, umejaa wachumba wa manjano kutoka mwanzo hadi mwisho, kila mmoja na kilemba chake, wanabisha kila mlango. Kila mmoja akibisha, kuta zinajibana kwa woga, na nasikia ule mluzi wa pumzi ninaoujua vizuri kuliko sauti yangu. Hakuna mwenye nia mbaya humu. Wote wamepotea. Hilo lilinichoma, kwa kuwa nilishazoea kuwachukia.

"Waambie watoke," nikauambia Msimu.

"Mchumba hafukuzwi, mama Arafa. Huelekezwa. Na wa kuwaelekeza ni pua inayoyajua maua. Ya mwanao haijui hata moja. Yako yayajua yote."

"Basi chukua yangu."

"Nikiichukua hairudi. Utatunga kwa macho tu."

"Mimi mwanamke mtu mzima, usinizungushe. Harusi ni Ijumaa."

Msimu ukanivua harufu taratibu, kama mtu anayevua kipini cha pua. Haikuuma. Harufu zikatoka moja moja zikiniaga: udi, mrehani, mawaridi. Asumini ilikuwa ya mwisho. Ilinishika mkono, ikasita, kisha ikatangulia mbele.

Na wachumba wote wanageuka. Wanaifuata asumini, wanatoka kifuani mwa mwanangu kwa vigoma na vifijo, wanapanda juu ya paa, juu ya mivinje, mpaka mbingu yote ya Malindi imekuwa dhahabu inayokwenda kuoa. Sijapata kuona kitu kikubwa hivyo kikienda kwa upole hivyo. Nililia kwa uzuri wake.

Arafa akapiga chafya moja usingizini. Mji mzima ukaitikia, "Afya!"

"Tuwe sote," nikajibu kwa niaba yake, na nikaamka.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Kitanda cha Arafa kilikuwa kitupu na mlango wa nyuma uko wazi. Nilinyakua ile pampu yake ya kuvuta, nikatoka mbio bila hata mtandio. Nikamkuta uani kwa Bi Saumu, amechuchumaa mbele ya sinia langu, amefunua kitambaa kibichi, uso wake karibu uguse maua.

"Arafa! Wataka kufa?"

Akageuka. Nikasikiliza kifua chake. Hakuna mluzi.

"Mama," akasema, "kumbe hii ndiyo harufu yako? Ile ambayo watu wote huniambia, mamako yuwanukia?"

Niliinama nikanusa. Sinia zima la asumini, iliyofunguka alfajiri ile ile, na mimi sikusikia kitu, kama niliyeinamia sinia la chumvi. Nikanusa tena, kwa ukaidi tu.

Kisha nikaiweka pampu chini, nikavuta mkeka, nikachukua sindano na uzi.

"Kaa hapa karibu yangu," nikamwambia. "Leo twatunga kikuba chako. Wewe uninusie."