Nipe Mji

Nimeshaswali alasiri na bado niko juu ya msala, tasbihi mkononi, mgongo nimeuegemeza mlango wa chumba cha ndani, na nyuma ya mlango huo, ambao chini yake una uwazi wa kupita vidole, Mwanakheri anapiga mbao kwa kiganja. Leo siku yake ya tatu bila unga. Arosto ya kuukosa imemshika, mifupa inamuuma, hata maji anayatapika. Bi Tabu, ananiita, mama yangu, nifungulie, nafika hapo dukani kununua sabuni, narudi sasa hivi. Namwambia, uji wako huo hapo kando, kunywa. Anasema, uji kunywa wewe, mchawi mkubwa! Sabuni! Na mimi niliwahi kuisema hiyo sabuni. Miaka sita nawapokea wanawake wa unga katika nyumba hii na sijapata kumfungia mtu, anayetaka kwenda huenda, lakini huyu nimemwona macho, akirudi maskani kwa wala unga safari hii tutaletewa kwenye machela. Ndiyo maana leo nimefunga, na ufunguo nimeupiga fundo kwenye pindo la kanga. Subhanallah, subhanallah, kope zinakuwa nzito, mbao zinapigwa polepole, zinapigwa mbali, kisha mlango nilioegemea hauko, naanguka kinyumenyume, wala sifiki chini, nafika barabarani.

Barabara ni nyeupe kama sanda na haina mwisho, na huku na huku nyumba ni ileile moja, nyumba ya mashemeji nilikokalishwa eda alipokufa Mbwana, mume wangu, ambaye ndiye aliyenionjesha unga, Mungu amsamehe, mimi bado sijaweza. Dirisha dogo la choo ni lilelile nililotokea siku ya ishirini na tatu, nimevaa nguo nyeupe za eda, maana arosto haijui kama mtu kafiwa. Kila baraza wamekaa wanawake walewale wanasuka ukili. Huyo, huyo, mjane wa siku ishirini na tatu! Wenziwe hukaa miezi minne na siku kumi, yeye hata arobaini ya mumewe haikumkuta ndani! Mwingine anasema, mwacheni jamani, si eda kaimalizia kwenye kizimba cha samaki? Wanacheka na mikono haiachi kusuka. Nawapita, na nikishawapita wako mbele yangu. Wasemayo ni kweli. Miaka minane nililala juu ya meza za samaki, mpaka muuza uji mmoja akaanza kuniachia bakuli kila asubuhi bila kuniuliza neno, na asubuhi moja nikaona haya kulinywa nimelewa.

Mbele yangu anakwenda mwanamke aliyejitanda kanga isiyo na jina, pale penye maneno ni peupe. Dada, namwita, Mwanakheri yuko nyumba ipi? Anageuka, na palipo na uso ni kitambaa kitupu. Anasema, anifungiaye ananipenda, anifunguliaye ananiua, nami namchukia nani? Namwambia, mimi nimeuliza njia, sikuuliza kitendawili. Anasema, umeshindwa, nipe mji. Sina mji. Unao, anasema, wa chumba kimoja. Namkimbia, nafungua mlango, ndani ni barabara, nafungua mwingine, ni barabara na wale wanasuka, nafungua wa mwisho, na ndani yumo mwanamke mwenye nguo nyeupe amejikunja sakafuni, anainua kichwa, ni mimi. Nifungulie shoga, anasema, nakwenda kununua sabuni. Nyuma yangu asiye na uso ananinong'oneza, eda yako bado siku mia na saba, sasa unamkalisha nani humu, yeye au wewe? Naona uchungu hata ulimi unakuwa shubiri. Chukua, namwambia, mji huo, na fundo la kanga nalifungua kwa meno. Anaupokea. Nimekwenda mji wako, anasema, nimekunywa uji nikashiba, sasa sikiliza jibu. Anayechukiwa ni aliyelala.

Nimelala chali, nusu niko chumbani, nusu ukumbini. Mlango uko wazi. Pindo la kanga halina fundo, lina maji ya mate, na ufunguo uko kwenye tundu upande wa ndani, na nyumba nzima hii tulikuwa sisi wawili tu. Mkeka ni mtupu, ukiugusa una joto. Bakuli la uji limelambwa mpaka chini. Natoka miguu mitupu. Njia nzima nyeupe kwa jua la magharibi, na barazani kwa jirani wanawake wanasuka ukili. Bi Tabu, mbona hivyo, viatu vimeliwa na mbwa? Nawauliza, Mwanakheri kapita? Kapita, wanasema, kasema anakwenda kununua sabuni. Wanacheka, au ndio walikuwa wanacheka tangu zamani, mikono yao haiachi kusuka. Mbele kule anakwenda mwanamke, kajitanda kanga, jua limenipiga machoni siwezi kusoma kama ina jina. Mkononi kashika kitu. Mwanakheri! naita, na miguu yangu naiona inakwenda lakini baraza ni lilelile. Anasimama. Anaanza kugeuka. Ya Rabbi, mji nimekwisha kuutoa, nipe mimi hiki kimoja, awe na uso.