Wendo Atua Laini Saba

Jumamosi asubuhi Nzembi alikuwa akisukuma chapati mbele ya nyumba yake mtaani Laini Saba, parashuti ilipotua kwenye paa la jirani. Kijana wa Kizungu alining'inia ukingoni, buti zikigusa nguo zilizoanikwa.

"Usikanyage hiyo mabati, itavuja," Nzembi alimwambia. Ouma, mchomeleaji wa hapo kando, akaleta ngazi.

Kijana aliitwa Wendell. Alikuwa Mmarekani, na alikufa katika Vita Vikuu vya Pili. Alisalimia kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kitui. Nzembi akampa stuli na chai.

"Kiswahili umejulia wapi?"

"Kaburini."

Alieleza huku akila. Baba yake alilima mahindi Nebraska. Yeye alipenda dansi kuliko jembe. Alipofika miaka kumi na tisa alipewa kiti mkiani mwa ndege ya mabomu, akitazama nyuma, hivyo kila mahali alipaona baada ya kupita, mara nyingi pakiwaka moto. Hilo halikumpendeza, wala hakulificha. Juu ya misitu ya Burma ndege yao ilipigwa. Akaruka, parashuti ikakataa kufunguka. Askari Waafrika wa jeshi la Mwingereza walimkuta, wakamzika vizuri na kumwimbia. Muda si mrefu mmoja wao, Mutinda wa Kitui, alipigwa risasi, akalazwa ubavuni mwake. Walipiga gumzo humo mpaka vita vikaisha na Wamarekani wakaja kumfukua Wendell kumrudisha kwao.

"Mutinda aliniachia swali," alisema. "Bibi yake alikuwa na mimba. Alizaa nini?"

Nzembi akaacha kusukuma. "Mum! Hebu kuja. Kuna mtu anakuulizia."

Mama yake, Ndululu, mwenye miaka themanini na ushee, alitoka akijifunga leso. Alisikiliza swali mpaka mwisho.

"Mwambie ni msichana. Mwambie ni mimi." Kisha akauliza, "Alikuwa mtu wa aina gani?"

"Mrefu. Anacheka sana. Lakini kuimba, hapana."

Ndululu alicheka hadi akashika mlango. "Hata mimi siwezi!"

"Siku hizi mimi na yeye si majirani," kijana alisema, "lakini nitapitia kwake."

Jina Wendell lilimshinda Ndululu, akamwita Wendo, ambalo kwa Kikamba ni upendo.

Jumatatu Nzembi, Ndululu na Wendo walikwenda kwenye ofisi moja ya makaburi ya vita mjini kuuliza kaburi la Mutinda. Karani, mtu wa adabu, aliwaeleza kwamba Wendo ana jiwe lake kwao, bendera na nyasi zinazokatwa. Mutinda hana kitu. Askari wengi kama yeye hawakuandikwa popote.

"Walipomchukua huyu, baba yangu alikuwa hapo hapo," Ndululu alisema. "Ilikuwa tu kunyoosha mkono."

Karani alikubali kwamba palikuwa karibu.

"Basi tumwandike kwa jiwe langu," Wendo alisema. "Nafasi iko."

Ouma alimchagulia msumari mzuri. Wendo alirudi Nebraska akaandika MUTINDA chini ya jina lake, na asubuhi mtunza makaburi akalisugua likatoka. Siku hizi Wendo huja Laini Saba kila Jumamosi. Kwa kuzaliwa ni mkubwa kuliko Ndululu, ila humwita Susu, yaani nyanya.

"Wamefuta?" Ndululu humuuliza akifika.

"Wamefuta, Susu."

"Andika tena. Sasa nawa mikono, chakula kiko mezani."