Peremende za Baada ya Dawa

Mutie alipoanza kujikuna, mama yake, Mbinya, alijua wa kulaumiwa: klorokwini. Nani pale Kanyangi hakuwa amewahi kuwashwa na vidonge vya malaria? Lakini mtoto wa miaka minne kuvimba midomo na kope namna ile kulimtisha. Akaacha kumpa dawa. Peremende nyekundu za kumtoa uchungu mdomoni, ambazo baba yake alizinunua mjini Emali, hakuziacha. Ndizo tu zilizomnyamazisha.

Uvimbe ukazidi. Homa nayo ikarudi na nguvu mpya.

Siku ya soko, Mwangangi, afisa wa afya, alisimama mbele ya maduka na kipaza sauti.

"Peremende nyekundu za kutoka ng'ambo, zenye picha ya kasuku, zirudishwe! Zimetiwa rangi iliyopigwa marufuku. Watoto wanavimba!"

"Sema tu unazitaka, Mwangangi!" mtu akamtania. "Kesho utakuja kuchukua soda!"

Watu wakaangua kicheko. Mbinya alikuwa ameshaanza kukimbia, kiondo kitupu kikimpiga mgongoni.

Alimkuta mama mkwe wake, Kalondu, amempakata mtoto.

"Mwaitu, mama, usimpe peremende!"

"Nimempa sasa hivi. Alikuwa analia, nifanyeje?"

Mbinya alitia kidole kinywani mwa mtoto, akaitoa. Ulimi ulikuwa mwekundu kama umepakwa wino.

"Hizi ndizo zinamvimbisha, mwaitu. Si dawa."

Kalondu alimfuta mjukuu wake mate mekundu kidevuni. "Na dawa tukamnyima," akasema.

"Ni mimi niliyemnyima."

Kwenye zahanati muuguzi hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alimwambia tu kwamba dozi itaanza upya, kisha akasaga kidonge kwenye kijiko. Mutie akakaza meno.

"Nataka ile nyekundu," akalia.

"Hakuna tena, baba."

Akatema. Muuguzi akasaga kingine. Safari hii Mbinya alichovya ncha ya kidole na kulamba kwanza, mtoto akimwangalia usoni.

"Ni chungu," akamwambia. "Ni chungu sana."

Mutie akafungua mdomo.

Siku ya pili alfajiri jasho lilimtoka mtoto, shuka ikalowa, homa ikashuka. Akaomba uji. Mbinya aliukoroga akiwa amempa Kalondu mgongo, mabega yakimtikisika, na mama mkwe akaenda kumbadilishia mtoto shuka.