Kilo za Bwana Gerlof

Kwa mara ya tatu asubuhi ile Tjitske aliuliza swali lile lile, na kwa mara ya tatu akapewa jibu lile lile.

"Kilo mia na sitini," alisema Gerlof kutoka sakafuni.

Tjitske alikuwa muuguzi wa gari la wagonjwa kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa, na macho yake yalijua kupima. Gerlof alikuwa amejaa kati ya choo na ukuta wa bafu la ghorofani kama godoro lililoshindiliwa kabatini. Mia na sitini, labda, kama angeacha nusu yake palepale. Aliteleza saa kumi na mbili alfajiri akauangukia mguu wake wa kushoto, na sasa saa nne mguu ulikuwa bado chini yake. Mlango wa bafu ulifungukia ndani, naye alikuwa ameuziba, ikabidi zimamoto waukate vipande vipande. Vipande hivyo dada yake, Aukje, alikuwa ameshavipanga ukumbini kwa ukubwa wake, maana vingefaa kwa kuni.

Huyo Aukje ndiye aliyepiga simu ya dharura. Alipoulizwa kuhusu mgonjwa, akasema ni mtu wa wastani, mwenye mwili kidogo. Ndiyo maana Tjitske alikuja na kitanda cha magurudumu cha watu wa wastani, na dereva wake, Bouke, mwenye mgongo uliokwisha fanyiwa upasuaji mara mbili. Bouke alichungulia bafuni, akakirudisha kitanda garini, kisha akapanda tena na kumnong'oneza Tjitske, "Bosi, mwili kidogo ule umekaa wapi? Mimi naona mwingi tu."

Kumshusha kwa ngazi lilikuwa jambo la kusahau. Ngazi za nyumba za mtaa ule ni nyembamba na zimesimama wima, kiasi kwamba Gerlof mwenyewe, akiwa mzima, alizishuka kinyumenyume. Njia iliyobaki ni dirisha la chumba cha mbele. Aukje akakumbusha kuwa juu ya dirisha kuna ndoano ya kupandishia vyombo, na kwamba piano ya bibi yao ilipita hapohapo mwaka wa sitini na moja, kwa kamba tu na wanaume wanne. Rinse, mkuu wa kikosi cha zimamoto, alimjibu kwa adabu kwamba piano haina figo. Aukje akanuna, akaenda kupika kahawa. Aliwaletea kikombe kimoja kimoja na biskuti moja moja, halafu akalifunika kopo na kushuka nalo, asije mtu akajisahau.

Figo ndizo zilizomkosesha Tjitske raha. Mguu uliobanwa kwa muda wa saa nne hutengeneza sumu. Ukiachiwa ghafla, sumu ile hukimbilia moyoni na kwenye figo. Alikwisha mwekea Gerlof dripu, akambandika nyaya za kusoma mapigo ya moyo, akampa hewa ya oksijeni. Zimamoto wakakata choo na kukitoa, wakampenyezea chini mto wa kujazwa upepo, wakaujaza tabaka kwa tabaka, polepole, mpaka akainuka sentimita thelathini na mguu ukatoka. Ulikuwa mweupe kama mshumaa. Tjitske akambana kidole gumba cha mguu ule, akamuuliza kama anasikia. Gerlof akasema hasikii kitu. Hapo ndipo sauti yake ilipotetemeka kwa mara ya kwanza.

Basi mgonjwa akawekwa nusu amekaa, maana akilazwa chali tumbo lake lingembana mapafu, na dirisha likang'olewa na fremu yake. Chini barabarani ikasimama kreni ya kikosi, yenye jukwaa la kubebea kitanda. Rinse akasema jukwaa linabeba kilo mia tatu na ishirini: mgonjwa, kitanda na muuguzi wake, wote pamoja. Likizidishiwa, linalia king'ora na kujifunga palepale lilipo. Kwa hiyo alihitaji namba. Namba ya kweli.

"Mia na sitini," alisema Gerlof. "Labda na tano. Nimekula jana."

Tjitske alitoka nje ya bafu kwanza, akapumua, akahesabu maua ya karatasi ya ukutani mpaka kumi na nne. Katikati ya maua hayo ilining'inia picha: Gerlof kijana, amesimama kando ya mizani kubwa ya ushirika wa viazi, amevaa koti jeupe na kidevu amekiinua. Chini yake kuna bamba la shukrani la miaka thelathini ya kazi.

Akarudi, akachuchumaa hadi uso wake ukawa sawa na wa Gerlof.

"Kumbe wewe ni mpimaji," akasema. "Mkulima akikwambia lori lake lina tani tano, huwa unaandika tano?"

"Nalipandisha mizani."

"Mimi sina mizani hapa, kaka. Nina wewe tu. Ukinidanganya, lile jukwaa litakutoa dirishani, litalia, na litakuacha unaning'inia katikati ya mtaa kama bendera ya sikukuu. Na mguu wako ndani yake."

Gerlof alimtazama Rinse, akamtazama dada yake aliyesimama na kopo mlangoni. Akamwomba Tjitske alete sikio.

Alinong'ona. Mia mbili arobaini na moja na nusu. Tjitske akataka kujua hiyo nusu ameijuaje, akaambiwa kwamba kila Ijumaa, wenzake wakishaondoka ghalani, hupanda mwenyewe kwenye mizani ya magunia, husoma, na kuifuta namba.

Akaiandika namba kwenye mgongo wa glavu yake na kumwonyesha Rinse kimyakimya. Huo ndio uungwana. Rinse akapiga hesabu kwa midomo, akaona imezidi, akaenda zake dirishani, akatoa kichwa nje na kumwambia mwendesha kreni kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na moto kwamba lile jukwaa halifai, waite kreni kubwa kutoka mji wa Leeuwarden, mgonjwa ni mia mbili arobaini na moja na nusu.

Mtaa mzima ulikuwa nje, au nyuma ya vioo vyake vikubwa kati ya vyungu vya maua, na vikombe mkononi.

Tjitske alifumba macho. Alipoyafumbua, Gerlof alikuwa ameugeuzia uso ukuta.

"Sitoki," akasema. "Nitibuni hapahapa."

Walimbembeleza wote. Tjitske alimweleza habari za figo tangu mwanzo, kwa lugha nyepesi, halafu kwa lugha nzito. Rinse aliomba radhi, na kila alivyoiomba ndivyo sauti yake ilivyozidi kupanda, mpaka Bouke akamshika mkono na kumtoa. Kreni ilihitaji dakika ishirini na tano kufika. Moyo wa Gerlof kwenye kioo cha mashine ulikuwa umeanza kupiga kwa kurukaruka kidogo, na bila ridhaa yake, mtu mwenye akili timamu, hakuna wa kumgusa.

"Wakiangalia sitoki," akarudia. "Nimeishi nao miaka hamsini na minane."

Tjitske alishuka zile ngazi kinyumenyume, akitukana kila kipago kwa jina. Hakusomea uuguzi ili aende kubisha milango ya watu kuwaomba wafunge mapazia. Lakini alikwenda. Nyumba ya kwanza mwenye nyumba alimwambia yeye hana la kuficha, kwa hiyo mapazia hana. Ya pili yalikuwepo, lakini ni ya urembo, hayavutiki. Ya tatu mama mmoja alitaka kujua kwanza kama ni kweli ile nusu.

Nyumba ya nne, inayotazamana na dirisha lenyewe, alikaa Dirkje, mjane wa mkulima, mwenye umri wa miaka themanini na kitu na fimbo. Alimsikiliza Tjitske mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa limemtokea Tjitske tangu asubuhi.

"Yule alinipimia viazi miaka ishirini," akasema Dirkje. "Mwaka ule mume wangu alipoanza kulewa, mizigo ilikuwa inapungua, na mchanga umo ndani. Gerlof aliandika alichoona. Lakini mtaani hakuna aliyewahi kusikia."

Akainuka, akang'oa kitambaa cha meza pamoja na makombo yake, akakitundika dirishani kwa vibanio vya nguo. Kisha akatoka barabarani na fimbo yake. Tjitske hakusikia aliwaambia nini. Aliona tu vioo vikizibwa kimoja kimoja: shuka la kitanda, taulo la ufukweni, gazeti, ubao wa kupigia pasi. Wasio na cha kutundika, na waliosimama nje, aliwageuza kwa kuwagusa begani kwa fimbo, wakatazama kuta zao.

Kreni kubwa ilipofika, Tjitske alimwambia Gerlof atazame mwenyewe. Wakampandisha kichwa kidogo, aone kupitia mlango uliokatwa mpaka nje ya tundu la dirisha. Alitazama kwa muda mrefu, akasema, haya.

Wakamtelezesha juu ya shuka la kuteleza mpaka jukwaani, watu sita, hakuna aliyenyanyua kwa mgongo, hata Bouke. Jukwaa likaiacha nyumba bila kulia. Tjitske alisimama kando yake, mkono mmoja kwenye dripu na macho kwenye kioo cha moyo, na chini yao mtaa ukiwa umewapa visogo. Palikuwa kimya kiasi cha kusikika mafuta ya kreni yakisukumwa.

"Kitambaa cha Dirkje kina doa la kahawa," alisema Gerlof.

"Usiangalie mambo ya watu," alisema Tjitske. Akakibana tena kile kidole gumba, kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika, maana asubuhi yote ile alikuwa anamdai.

"Aa, unaniumiza wewe."

"Inauma?"

"Si nimekwambia inauma."

Alikibana mara ya pili, ili kuhakikisha.